Ugonjwa Haufuati Ng'ombe

Naandika haya nikiwa nimepona kiasi cha kuchoshwa na habari zangu mwenyewe, na hiyo naiona ni dalili njema. Nywele zimerudi, laini kuliko za kwanza, na kucha zimeacha weusi. Mkono wa kushoto bado haupandi vizuri, lakini msimu huu nimesimama tena kwenye mzani wa chama chetu cha msingi, hapa kijijini karibu na Bariadi, nikipima pamba za watu na kugombana nao kama zamani. Kama juzi umeambiwa una saratani ya titi na hujui uanzie wapi, au aliyeambiwa ni mama yako au dada yako, nakuandikia wewe. Ya kitaalamu waulize madaktari. Mimi nitakueleza yaliyonipata, na hasa jambo moja ambalo watu wa kwetu tunakosea bila kujua kwamba tunakosea.

Nianze na watu wa damu, maana ndivyo tulivyowaita. Walikuja na hema, mzani wa watu, mashine za presha na visanduku vya baridi, wakapiga kambi pembeni ya ofisi ya kijiji. Walisema ni utafiti mkubwa, wa nchi nyingi zilizoungana. Walitaka kuwafuatilia watu wazima wale wale mwaka hadi mwaka, wajue nani anaugua nini na kwa nini: kama ni chakula, kama ni kazi, kama ni moshi wa kuni, au ni kitu ambacho mtu amezaliwa nacho kwenye damu. Kulikuwa na mikutano na maneno mengi, wapo waliosema damu inakwenda kuuzwa, lakini mwishowe wengi tuliandikishwa. Mimi niliandikishwa kwa udadisi tu. Miaka yote napima mali za wenzangu, nikataka na mimi nijue ladha ya kupimwa.

Wakawa wanarudi kila mwaka baada ya miti ya pamba kung'olewa na kuchomwa, kabla ya mvua, wakati watu wako nyumbani. Aliyekuwa ananihoji mimi ni dada mmoja anaitwa Happiness, mtu wa Morogoro, mpole, mwenye subira ya ajabu. Ananiuliza nimekula matunda mara ngapi kwa wiki, nami namwambia maembe yakianza tunakula mpaka tunasinzia, yakiisha tunasahau kama kuna kitu kinaitwa tunda. Anacheka, anaandika. Kisha anauliza habari za wazazi: yupi yuko hai, yupi alikufa, aliumwa nini. Nami kila mwaka najibu vile vile. Mama yangu Nyamizi yuko hai, anasumbuliwa na presha. Baba yangu Masanja amekufa kwa uzee, akiwa na meno yake yote. Saratani kwetu hakuna.

Hapo lazima nieleze kidogo kwa asiye wa huku. Kwetu mtoto anafuata ng'ombe. Mwanamume akitoa ng'ombe za mahari, watoto ni wake. Asipotoa, watoto ni wa babu yao mzaa mama, wanaitwa kwa jina lake, wanarithi kwake na kuzikwa kwake. Mama alinizaa na kijana mmoja wa Mwanhuzi aitwaye Gamaya. Ukame ukaua ng'ombe za kwao, mahari haikutoka, baadaye Gamaya akaoa kwingine. Mimi nikawa Minza Masanja, mtoto wa babu. Haikuwa siri. Kijiji kizima kinajua, na nusu ya kijiji imezaliwa hivyo hivyo. Ni kwamba Gamaya hahesabiwi, basi.

Uvimbe niliukuta msimu wa kununua pamba, naoga jioni baada ya kushinda kwenye mzani. Ulikuwa titi la kushoto, mgumu, hauna maumivu. Nikajiambia ni gunia lililonigonga. Kwa kuwa hauumi, nikauacha, foleni ya wakulima ikawa ndiyo shida kubwa kuliko mwili wangu. Hili nalisema mapema ulishike: usisubiri mpaka ukuume. Wangu haukuwahi kuuma hata siku moja.

Mama alipoujua alitaka tupite kwanza kwa mtaalamu wa kuagua kule Migato, na tulipita, sitaficha. Yule bwana akasema kuna mtu ana wivu na kazi yangu ya mzani. Nikamwambia kwa mzani ule, mwenye wivu anaweza kuwa kijiji kizima. Masunga mume wangu hakucheka. Tukiwa njiani kurudi akasema kesho tunakwenda hospitali, na huyo mwenye wivu kama anataka atatukuta huko huko. Bariadi wakanikata kinyama cha kupima. Majibu yalipokuja nikaandikiwa kwenda Mwanza, na Mwanza titi likatolewa.

Sitaeleza upasuaji, kwa kuwa nilikuwa nimelala. Naweza kueleza kuamka. Niliamka nikapeleka mkono kifuani, nikakuta bandeji mahali pa titi, na kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba nguo yangu ya kitenge ya harusi ya mdogo wangu haitanikaa tena. Nililia kwa ajili ya ile nguo. Nesi alifikiri nalia maumivu akaniongezea dawa, na sikumsahihisha.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko wodini. Masunga alihamishia kitanda chake chumba cha pili, akasema nipate nafasi ya kupumzika. Nilisikia kingine kabisa. Nilisikia kwamba nimepungua na amekwisha kuona upungufu huo. Tulikaa wiki nzima tunasalimiana kama majirani. Kisha siku moja nikamkuta amekaa uani na kikapu cha pamba kutoka shambani kwetu, anatoa mbegu kwa vidole, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema amesikia wenzangu wanajaza sidiria kwa vitambaa, na yeye hawezi kuona mke wake anajaza vitambaa wakati tunalima pamba. Akaishona ile pamba ndani ya kipande cha kanga kuukuu, mshono mbaya kupita yote niliyowahi kuona, akanipa. Nikaipima kiganjani, nikamwambia hii ni daraja la kwanza, haina hata fifi, ile pamba chafu tunayoitenga mzanini. Alicheka, na mimi nikalia. Usiku ule kitanda kilirudi.

Dripu zilianza jua likiwa kali. Benchi la kliniki ya saratani lina desturi zake. Hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini, maana sote ni wa jambo moja. Mtu anauliza, "Wewe ya ngapi?" yaani dripu ya ngapi. Mwenye ya nne humsogelea mwenye ya kwanza na kumpa yale ambayo daktari hakumwambia. Nyoa nywele kabla hazijaanguka zenyewe, haitakuuma sana. Lamba limau kabla ya kula. Beba kijiko cha mbao, cha bati kitakuletea ladha ya kutu mdomoni. Siku tano za kwanza usijaribu kuwa shujaa wa mtu. Wiki ya mwisho kabla ya dripu nyingine ndiyo wiki nzuri, fanya mambo yako humo. Nilikaa sana na mama mmoja wa Lamadi, mchuuzi wa dagaa tangu ujana wake, ambaye dawa zilimfanya asivumilie harufu ya dagaa. Alikuwa anasimulia jinsi anavyouza amefunga pua kwa mtandio, wateja wanadhani amekuwa na maringo. Tulicheka mpaka nesi akatoka kutuangalia. Mwenzangu yule hakufika mwisho wa dawa zake, na bado namkumbuka kila nionapo dagaa.

Daktari aliniuliza kama kwetu kuna mwingine aliyeugua titi. Nikasema hapana. Akasema umri wangu ni mdogo kwa ugonjwa huu, akaniuliza tena, nikasema hapana tena. Nilijibu kwa moyo mweupe kabisa.

Kabla ya dripu ya pili, watu wa damu wakarudi. Nilikwenda nimejifunga kilemba, uso umenivimba. Happiness alinitazama, kalamu ikamsimama mkononi. Nilikuwa na hasira siku ile, na yeye ndiye niliyemkuta. Nikamwambia miaka yote hii mnachukua damu yangu, hamkuona kitu? Hakujitetea kwa haraka. Alinieleza kwamba hapa hemani wanapima sukari na vitu vichache, na hayo majibu tunapewa. Damu nyingine inahifadhiwa, inakuja kuangaliwa pamoja na ya maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, kutafuta kinachofanana. Hakuna aliyekuwa ananitafuta mimi Minza ndani yake. Nilikumbuka kwamba hayo walitusomea kwa sauti siku ya kwanza na tukakubali. Nilibaki na hasira zangu hata hivyo, ila sikuwa na pa kuziweka.

Tukaendelea na maswali. Tulipofika kwa wazazi nikajibu kama miaka yote: Masanja, uzee, meno yote. Mama alikuwa kiti cha pili, mkono wake umefungwa kitambaa cha presha. Akamgeukia Happiness.

"Huyo Masanja ni baba yangu mimi," akasema. "Aliyemzaa huyu ni Gamaya, yuko Mwanhuzi."

Happiness akamuuliza taratibu kama huko kwa Gamaya kuna aliyewahi kuugua hivi. Ile mashine ikapumua, ikalegea mkononi mwa mama.

"Dada zake wawili," akasema. "Wote titi."

Nilimuuliza mama mbona hakuniambia. Nilidhani ataona aibu, au atakana. Alinishangaa tu, kama nimeuliza kitu kisicho na akili.

"Ng'ombe hazikutoka, ng'wana wane," akasema. "Mwanangu, maradhi yao ningekuhesabiaje wewe?"

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Hakunificha kitu. Kwa mama, na kwangu mimi pia, na kwa kila aliyekaa kwenye hema lile, kama sikurithi ng'ombe za Gamaya wala jina lake, basi sikurithi chochote. Tuliamini ugonjwa nao unasubiri mahari. Baadaye watu wa utafiti waliwarudia wote na swali lingine, la aliyekuzaa ni nani hata kama huhesabiwi kwake, na nasikia kuna nyumba kadhaa hazikulala vizuri wiki hiyo.

Happiness alinieleza kwamba ugonjwa wa titi unaweza kuja kwa upande wa baba kama upande wa mama, kwamba nimwambie daktari wangu, na kwamba wanawake wa damu ile inafaa wakaguliwe mapema. Akauliza kama wapo. Nikasema shangazi wamekufa, amebaki binti mmoja wa Gamaya. Anaitwa Limi.

Limi ni binti wa Gamaya kwa mke aliyemtolea ng'ombe. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, mnadani Bariadi, mtu akatuonyesha mmoja kwa mwingine. Tulitazamana meno. Tuna mwanya ule ule. Tukasalimiana, tukaulizana bei ya mbuzi, kila mtu akaenda zake. Nilijua pia kwamba alifiwa na mume na amerudi kwa baba yake, kwa hiyo mwenye kauli juu yake ni mzee.

Masunga alinikataza kwenda. Alisema watadhani nimefuata ng'ombe, au watasema nimewapelekea mkosi, na mimi ni mgonjwa. Alikuwa sahihi kwa yote matatu. Lakini akilini nilikuwa namwona Limi anaoga jioni, anagusa kitu, anajiambia ni gunia. Nikasubiri wiki nzuri, na Masunga mwenyewe ndiye aliyenisindikiza.

Mwanhuzi ilikuwa kavu, mvua haijaanguka, ng'ombe wamekonda mbavu zinahesabika. Tulimkuta Mzee Gamaya amesimama kwenye lango la zizi. Nilipiga goti nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema wa Nyamizi, binti Masanja. Alinitazama kilemba, akanitazama mdomo, na nikaona ameona mwanya.

"Umefuata ng'ombe?" akauliza.

"Sikufuata ng'ombe, baba. Nimemfuata Limi."

Nilimweleza wima pale pale, maana hakunikaribisha kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema dada zake walirogwa, mji ukasafishwa, na hataki habari ile iingie tena getini kwake. Hakusema kwa ukali. Akageuka kuwaangalia ng'ombe wake, na nikaelewa kwamba anaogopa. Niliingiwa na huruma ambayo sikuwa nimeitarajia, kwa mtu ambaye hajawahi kunipa hata kikombe cha maziwa.

Limi alikuwa jiko la nyuma anasonga ugali wa mtama. Nilimfuata huko, nikafungua kanga, nikafungua sidiria. Ile pamba ya Masunga ikaanguka kwenye vumbi. Limi akaiokota, akaibonyeza kwa vidole vya mkulima.

"Mbegu ametoa nani?" akauliza.

Nikasema mume wangu. Akatabasamu, mwanya ukaonekana. Kisha akaliangalia kovu, akaomba kuligusa, akaligusa. Akauliza kama linauma. Nikamwambia halina maumivu makubwa sasa, na hata ule uvimbe wenyewe haukuuma. Akarudi kwenye chungu chake. Hakusema kitu kingine mpaka alipotusindikiza njiani, Masunga akiwa ametangulia. Hapo akasimama.

"Wangu nao hauumi," akasema.

Nilimtajia siku za kliniki Mwanza, nikamwandikia namba yangu ya simu, naye akanipa yake. Akasema bila baba kukubali hatoki. Nikarudi nyumbani, nikapata dripu nyingine, na nyingine. Mvua zikaanguka, watu wakapanda. Simu yake iliita bila kupokelewa, halafu ikawa haipatikani kabisa. Nilijua uvimbe unavyofanya kazi wakati watu wanafikiria. Kipindi hicho kilinichosha kuliko dawa. Nikiwa natapika, nilikuwa nikimkasirikia mzee yule, na nikimkasirikia mama, na mara nyingine nikiikasirikia pamba iliyokuwa inaota vizuri shambani bila wasiwasi wowote.

Sasa nitangulize mwisho wa Limi, nisikuweke roho juu. Uvimbe wake ulikutwa mdogo kuliko wangu, haujatembea kwapani. Walimfanyia upasuaji mwezi ule ule aliofika kliniki. Dripu amemaliza, msimu huu amepalilia shamba lake mwenyewe, na pamba yake ya kujazia sidiria imetolewa mbegu na Masunga, aliyesema sasa amekuwa kiwanda. Binti yangu naye ameambiwa yote, pamoja na majina ya wale shangazi. Wewe unayesoma, ukiulizwa na daktari au na watu wa hema kwamba kwenu nani aliugua, usihesabu kwa ng'ombe. Mtaje aliyekuzaa, hata kama hamsalimiani. Nenda ukaulize kwa mama yako leo wakati bado yupo. Kama wapo walio wa damu hiyo, wafuate, hata wakikupokea wima. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hicho hakichagui nani alilipiwa mahari.

Nimebakiza jambo moja, la mlangoni kliniki. Ilikuwa siku ya dripu yangu ya mwisho, palizi imepamba moto. Nilifika kliniki mapema, mimi na Masunga, nikamkuta Limi kwenye benchi letu, amejifunga kanga mbili, na pembeni yake Mzee Gamaya, amekaa ameshika fimbo ya kuchungia kwa mikono miwili kana kwamba watu wangeitaka. Walikuwa wamesafiri tangu jana yake. Niliwaamkia. Mzee akaitikia. Nikakaa upande wa pili wa Limi. Akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye mfuko wake, na nikaitafuna ingawa mdomo ulikuwa hauna ladha.

Nesi akatoka akaita jina la Limi Gamaya. Akasema anaingia na ndugu mmoja tu, wa karibu. Mzee akasimama, akaegemea fimbo, akapiga hatua kuelekea mlango. Ilikuwa haki yake. Kisha akasimama pale katikati. Alitazama ule mlango, akamtazama Limi, akanitazama mimi na kilemba changu. Akarudi, akakaa.

"Aingie na dada yake," akamwambia nesi.

Nikampa Masunga mfuko wangu anishikie. Limi akanyoosha mkono, nikaushika, tukaingia.